Dakika Kumi za Kamera ya Tatu

Saa nne kamili asubuhi kamera ya tatu ilianza kazi. Ilikuwa imefungwa kwa boliti nne juu ya mnara wa tangi la maji, ikiangalia ufuko upande wa kusini, na kwa dakika kumi ilipiga picha moja kila sekunde, jumla mia sita. Kompyuta ya ofisini ilizipokea zote, ikazilaza moja juu ya nyingine, ikatoa picha moja tu ya wastani. Kisha yule dada wa meza ya dirishani, ambaye kazini walimwita Mchora Mstari, alisogeza kikombe cha chai pembeni, akashika kipanya, akachora mstari mwekundu pale maji yalipokutana na mchanga. Alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka sita, na hakuna aliyekuwa na mkono mtulivu kama wake. Kwa kulinganisha mstari wa leo na wa jana, na wa jana na wa mwaka juzi, ofisi ilijua bahari imekula kiasi gani na inaelekea wapi.

Picha ya wastani ina tabia yake. Chochote kinachotembea hakimo. Mawimbi ya dakika kumi yanageuka ukungu mweupe, na mbwa anayekimbia au mtu anayepita na ndoo anafutika kabisa, utadhani hakuzaliwa. Kinachobaki ni kile kilichotulia tangu mwanzo hadi mwisho: jiwe, ukuta, boti iliyopinduliwa. Mkuu wa Kitengo, mtu mpole aliyevaa sweta hata siku za joto, alipenda kuwaambia wageni kwamba picha ya kawaida inaonyesha nani amepita, lakini ya wastani inaonyesha nini kipo. Wageni waliyaandika maneno hayo kwenye madaftari yao.

Jumanne moja, nyumba ya mama yake Mchora Mstari haikuwemo kwenye picha.

Mahali pake alipajua hata akifumba macho: nyumba ya sitini na moja kutoka kona, bati lenye kiraka cha bluu, mita kumi na tisa kutoka kwenye maji. Sasa palikuwa na mchanga mtupu. Alifuta kioo cha kompyuta kwa kiganja. Akafungua picha za sekunde, moja baada ya nyingine, na katika zote mia sita nyumba ilikuwemo. Katika ya mia tatu na kumi mama mwenyewe alikuwa mlangoni akimwaga maji machafu. Akarudi kwenye wastani. Mchanga. Alichora mstari akauhifadhi, kwa sababu mwisho wa kuhifadhi ulikuwa saa nne na nusu.

Jumamosi alikwenda kumtazama. Nyumba ilikuwepo, ila imekonda. Ukiwa sebuleni ulimwona jirani, Kinyozi, kupitia ukutani, akimpaka mteja povu kidevuni. Jua lilipita kwenye bati bila kubisha hodi, likatua sakafuni. Mama yake, ambaye alikuwa fundi cherehani kwa miaka thelathini na hakupenda kupotezewa muda, alikuwa amekunja uso.

"Pini zangu zinapita kwenye meza," alisema. "Naziweka juu, nazikuta chini. Juzi nimetafuta mkasi mpaka nikachoka, kumbe umezama sakafuni hadi kwenye mpini."

"Tangu lini, mama?"

"Tangu Jumanne. Kwa Kinyozi tangu Jumatatu. Kaa kiti kile, hiki hakiaminiki."

"Shikamoo yangu iko wapi?" Kinyozi aliuliza kutoka upande wake wa ukuta.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Mwambie mama yako asinichungulie nikila. Sina siri tena mtaa huu."

Mchora Mstari alipiga magoti, akaweka kiganja sakafuni. Wimbi lilipiga nje na sakafu ikatetemeka kidogo sana, kama ngozi ya mtu mwenye homa. Lingine likapiga, ikatetemeka tena. Bahari ilikuwa imekwishapenya chinichini na kula mchanga ulioshika nyumba, na nyumba yote ilicheza upana wa nusu ya kidole, kila sekunde, mchana na usiku. Mama hakuwa akihisi kitu, alishazoea. Lakini kamera haizoei. Nyumba isiyotulia dakika kumi haimo kwenye wastani, na ilivyoonekana, kisichokuwemo kwenye wastani kilikuwa kinaanza kutokuwepo.

"Ofisi ikikusahau lazima ukonde," Kinyozi alisema, akaendelea na kidevu chake.

Jambo lililomkosesha binti raha si pini. Mwisho wa mwezi uliofuata ofisi yao ingechora ramani ya ukuta wa kuzuia bahari. Ukuta ungejengwa penye kitu cha kulinda, na kitu cha kulinda kilikuwa kile kilichoonekana kwenye picha za wastani siku thelathini mfululizo. Hoteli iliyoko kaskazini ilionekana kila siku, pamoja na miavuli yake ya zege. Nyumba za kusini, mia moja na kumi na mbili, zilikuwa zikitoka moja moja kama meno ya mzee. Nyumba itakayobaki nje ya ukuta itabaki na bahari, wawili peke yao.

Jumatatu alimweleza Mkuu wa Kitengo. Mkuu alimsikiliza mpaka mwisho, akamvutia kiti.

"Picha haina kinyongo na mtu, dada yangu."

"Nyumba zipo, mkuu. Kwenye picha za sekunde zinaonekana zote."

"Picha za sekunde zina kila kitu. Zina ng'ombe. Nikipeleka ng'ombe kwenye ramani ya ukuta, juu huko watanielewaje?" Alivua miwani akaifuta kwa ncha ya sweta. "Tuletee kitu kinachotulia. Kikitulia, nitakichora mwenyewe, kwa mkono wangu."

Alisema kwa roho safi, na hilo ndilo lililomponza binti. Angefokewa, labda angekata tamaa mapema.

Kesho yake, kabla ya kwenda kazini, alipita kwa mama yake akamwambia kwamba nyumba haziwezi kutulia, lakini watu wanaweza. Mtu mmoja kwa kila nyumba, mbele ya mlango wake, saa nne hadi saa nne na dakika kumi, wasitikisike. Mama alizunguka mtaa mzima na habari hiyo. Hakuna aliyeiona ngeni. Wengi wao walikuwa wameshapanga foleni ndefu kuliko hiyo kwa mambo madogo kuliko hayo. Siku ya kwanza walisimama themanini na tatu. Mchora Mstari aliwaona kwenye picha kwa nusu dakika, vijistari vyeusi vilivyotawanyika, kisha programu ya usafi ikapita na kuwafuta wote. Programu hiyo ilifuta madoa: kinyesi cha ndege kwenye lenzi, matone, chochote kisicho na mpangilio.

Akafungua kitabu cha maelekezo. Ukurasa wa thelathini na moja ulisema kwamba vitu vilivyopangwa kwa mstari mmoja, kwa nafasi zilizo sawa, visifutwe, kwa kuwa hivyo ni miundo. Alisoma sentensi hiyo mara tatu. Kwa miaka iliyofuata angeikumbuka furaha ya asubuhi ile kuliko kitu kingine chochote, na angeionea aibu.

Mama yake alitoa utepe wa kupimia nguo, ule wa njano, wa sentimita mia moja na hamsini. Aliutembeza ufukoni kama anayepima kitambaa cha jitu, akichomeka kijiti kila unapoishia mara ya nne. Vijiti mia moja na kumi na viwili, kwa mstari mmoja ulionyooka, kwa sababu yeye hakuwahi kukata kitu kikaenda upande. Kila nyumba ilipewa kijiti chake. Asubuhi yake walisimama wote, mikono ubavuni, wakiangalia maji.

Mwanzoni zilikuwa vurugu. Mama mmoja wa nyumba za mwisho alipiga chafya, akakosekana kwenye picha, na mchana huo mlango wake ukawa mwepesi kama chandarua. Kinyozi hakuweza kufunga mdomo. Ilibidi amalizie sentensi zake saa nne na dakika kumi na moja, na jirani zake wakamwomba angalau aanze na fupi. Fundi redio wa nyumba ya sitini na mbili aliwahesabia dakika kwa sauti mpaka wakamfokea kwamba midomo nayo inatikisika. Lakini ilipofika siku ya nne walikuwa wametulia kabisa, na kwenye kompyuta ya ofisini safu ilitokea, nyeusi, imenyooka, ikianzia kona na kuishia penye mawe. Programu ya usafi ilipita ikawaacha. Mchora Mstari alilia kimyakimya mbele ya kioo. Mwenzake wa meza ya pili alimpa karatasi ya kufutia machozi bila kuuliza, kwa sababu yeye alichora mstari wa kamera ya tano, ambako kulikuwa na makaburi.

Kati ya siku thelathini haikukosekana hata moja. Nyumba hazikunenepa, lakini hazikukonda zaidi. Watu, kwa upande wao, walizidi kuwa imara. Kinyozi alidai kwamba akisimama pale hasikii njaa. Mama yake binti alikuta chaza wawili wamejishikiza kwenye muundi wake. Aliwabandua kwa kisu, kesho yake wakawa watatu, akawaacha. Na maji, ambayo miaka yote sita yalikuwa yakija mbele kwa hatua ndogondogo, yalifika kwenye safu yao yakasimama. Mstari mwekundu haukusogea mbele tena. Siku ya ishirini na tano ulikuwa umerudi nyuma sentimita arobaini.

Ripoti ilitoka Ijumaa, kurasa tisini, na Mchora Mstari aliifungua moja kwa moja penye kamera ya tatu. Iliandikwa hivi: *Upande wa kusini una safu ya nguzo mia moja na kumi na mbili, zilizopangwa kwa ustadi, ambazo zimeonyesha uwezo mzuri wa kuzuia maji. Hakuna majengo yaliyoonekana nyuma yake. Ulinzi uliopo unatosha. Ukuta uishie hotelini.*

Alikwenda na ripoti mkononi mpaka kwa Mkuu wa Kitengo. Hakubisha mlango.

"Hawa ni watu," alisema.

"Najua," Mkuu alisema.

Aliketi bila kukaribishwa. Alikuwa amejiandaa kwa kila jibu isipokuwa hilo.

"Nimekuza picha," Mkuu aliendelea kwa upole. "Mama yako ni wa sitini na moja. Ana kanga imefungwa kiunoni. Mnafanana mabega."

"Basi tuandike ni watu."

"Tuandike nini? Hakuna kifungu cha watu. Kuna nguzo, kuna mawe, kuna matete. Ningewaacha bila jina wangefutwa, na ungenililia hapahapa kwamba nimewafuta." Alifungua kompyuta, akamwonyesha mistari ya mwezi mzima, mmoja juu ya mwingine, imekaa mahali pamoja kama uzi mmoja mnene. "Halafu angalia. Wanazuia. Mimi nimefanya kazi hii miaka ishirini na mbili, sijaona muundo unaozuia hivi. Wakiondoka, maji yatakuja, na wewe ndiye utakayeuchora mstari huo. Utaweza?"

Mchora Mstari alitafuta kosa katika maneno yale ili alishike, asilione. Mtu huyu hakuwa na chuki wala hakutaka kumuumiza yeyote. Ukuta ulikuwa na urefu wake, hoteli ilikuwa na mahali pake, na kusini kulikuwa na kitu kinachotosha.

Alikwenda kumwambia mama yake jioni hiyohiyo. Wenye nyumba walikusanyika uwanjani kwa Kinyozi. Hakuna aliyemlaumu.

"Kwa hiyo tumefanya vizuri mno," fundi redio alisema.

"Tumefanya vizuri mno," mama alikubali.

Kinyozi alisema wagome. Kesho yake saa nne hakuna aliyesimama. Watu walikaa ndani wakiangaliana kupitia kuta, wakinywa chai. Kwenye kompyuta ya ofisini ufuko ulikuwa mtupu, na saa nne na dakika kumi na moja bahari ilikuja. Haikuja kwa kishindo. Ilivuka vijiti, ikavuka mlango wa Kinyozi, ikachukua kiti chake cha kuzunguka, kioo, mashine mbili na ukuta wa mbele, ikarudi polepole kama mtu aliyemaliza alichotumwa. Kamera ikapigishwa mara ya pili, na Mchora Mstari aliuchora mstari huo. Mkono wake ulitulia kama siku zote. Ulikuwa umezoea, kama nyumba zile zilivyozoea kutetemeka. Kesho yake saa nne kasoro tano watu wote walikuwa kwenye vijiti vyao, na Kinyozi mbele yao wote, kimya.

Ofisi haikuwasahau tena. Kwa kuwa nguzo zilikuwa muundo muhimu, iliagizwa kamera ya tatu ipige kila saa, tangu kumi na mbili asubuhi hadi kumi na mbili jioni. Mwanzoni watu waliondoka katikati, wakapika, wakarudi. Kinyozi alijaribu kunyoa wateja katika zile dakika hamsini, lakini wengi waliondoka na upande mmoja tu, wakaacha kuja. Mama alishona mapindo kwa mkono akiwa amesimama. Baadaye kwenda na kurudi kuliwachosha kuliko kusimama, na kuichomoa miguu mchangani kukawa kazi. Wakabaki. Watoto waliwaletea chakula na kuwalisha kwa kijiko. Nyuma yao nyumba zilikuwa nyembamba kiasi kwamba ndege walikatiza vyumbani bila kukunja mbawa.

Kisha akaja mtu wa matengenezo na kopo la rangi nyeupe. Alikuwa mtu wa heshima; alimwamkia kila mmoja kabla ya kumwandika namba mgongoni, na kwa wazee alipasha rangi joto mikononi kwanza. Mama yake binti aliuliza kama rangi hiyo inatoka kwenye nguo.

"Haitoki, mama."

"Basi ngoja nivue hii, uniandike kwenye ya zamani."

Ukuta ulikamilika kaskazini mwezi wa nane. Ulikuwa mzuri. Mchora Mstari aliuona kwenye kamera ya pili, mweupe, umesimama palepale kila picha.

Mwezi wa kumi na moja karatasi ilifika mezani kwake, kwa sababu kamera ya tatu ilikuwa yake. Ilisema kwamba nguzo ya sitini na moja imeinama nyuzi nne kuelekea nchi kavu, na kwamba maji yanapenya hapo. Nguzo iondolewe. Nguzo mbadala iwe na urefu uleule. Palikuwa na nafasi ya kujaza urefu, na nafasi ya sahihi. Alikwenda msalani, akasimama kwenye mlango ambao mafundi waliupiga alama za sentimita walipokuwa wakipima vigae, akaweka kiganja juu ya kichwa chake. Mia moja na hamsini na nane. Hakuhitaji kumpima mama. Walikuwa wakivaliana nguo tangu yeye ana miaka kumi na sita. Alirudi mezani akajaza namba yake mwenyewe.

Mkuu wa Kitengo alisaini palipobaki. Alimwandikia kazi za nje, muda usiojulikana, ili asihesabiwe mtoro. Alivua miwani, akaivaa tena.

Jumatatu saa nne kasoro robo Mchora Mstari alivua viatu ufukoni. Kinyozi upande wa kushoto na fundi redio upande wa kulia walimshika mama yake makwapani, wakamchomoa. Ilichukua muda. Miguu yake ilitoka na mchanga mweusi, ikiwa imenyooka kama fito, na walimbeba hivyohivyo mpaka kwenye ngazi ya mlango wake. Aliwapiga mabega njia nzima.

"Sikukusomesha kwa hili!" alimpigia binti yake kelele. "Unanisikia? Cherehani ile imenila macho! Toka hapo! Mwanangu, toka hapo, nitarudi mwenyewe!"

"Mama, bado dakika tatu."

"Nasema toka!"

Binti aliingiza nyayo kwenye mashimo mawili yaliyoachwa. Yalimtosha sawasawa, na yalikuwa bado na joto. Maji yalikuja, yakamgusa vidole, yakasimama. Alilia bila kutikisa mabega. Aliogopa kupotea kwenye picha. Nyuma yake mama aliendelea kupiga kelele, kisha akaendelea kwa sauti ya chini, kisha akanyamaza, kwa sababu juu ya mnara wa tangi la maji saa nne ilikuwa imetimia.

Dakika ya kwanza ikapita, na ya pili. Mama alikaa kwenye ngazi akiuangalia mgongo wa binti yake. Alikuwa ameupima mgongo huo kila mwaka tangu gauni la kwanza, na aliona kabla ya mtu mwingine yeyote kwamba umeanza kulegea upande wa kulia.

"Nyoosha mgongo, mwanangu," alisema polepole. "Watakuandika umeinama."

Binti akanyoosha.